Usihadaiwe na sifuri nyingi za mtambo wa muziki

JE, mpenzi msomaji, umewahi kusimama katika duka la vifaa vya elektroniki, pengine pale Luthuli Avenue jijini Nairobi, ukasoma yale maandishi madogo yaliyopigwa chapa ubavuni mwa katoni ya mtambo wa muziki?

Bila shaka uliona herufi THD, na mbele yake tarakimu kama 0.004% au 0.0003%. Huenda muuzaji alikueleza kwamba kadiri sifuri zinavyozidi baada ya nukta, ndivyo sauti inavyozidi kuwa safi, na ndivyo unavyofaa kutoa pesa zaidi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kufungua mkoba wako, ni vyema ufahamu sifuri hizo zinapima nini, zilikuwa ngapi miaka ya nyuma, zimekuwa ngapi siku hizi, na zaidi ya yote, ni ngapi kati yazo ambazo sikio la binadamu linaweza kuzitambua.

Jambo hili si la mafundi pekee. Linamhusu mzazi anayeitafutia familia mtambo wa sebuleni. Linamhusu pia mwanafunzi anayejinyima chakula cha mchana ili apate kununua hedifoni. Asiyejua maana ya tarakimu hulipia asichoweza kukisikia, huku akinyimwa kile ambacho angekisikia.

Uchafu hupimwaje?

Mtambo wa muziki una kazi moja tu: kutoa kile ulichopewa, bila kuongeza wala kupunguza. Hata hivyo, hakuna mtambo unaotimiza haya kikamilifu. Kila mmoja huongeza sauti zake ambazo hazikuwepo studioni. Nyongeza hizo ndizo huitwa upotoshaji.

Kuupima upotoshaji si kazi ngumu kuieleza. Fundi huingiza katika mtambo mlio mmoja safi, aghalabu wa mitetemo 1,000 kwa sekunde. Upande wa kutokea, huuondoa mlio huo kwa chujio na kuangalia kilichobaki. Iwapo mtambo ungekuwa kamili, kusingebaki kitu. Lakini hubaki milio ya mitetemo 2,000, 3,000, 4,000 na kuendelea, pamoja na mvumo kidogo. Milio hiyo, ikilinganishwa na mlio wa kwanza, ndiyo asilimia unayoiona kwenye katoni.

Asilimia 1 ni sehemu moja katika sehemu 100. Asilimia 0.001 ni sehemu moja katika sehemu 100,000. Mafundi nao hupenda kutumia desibeli. Uchafu wa asilimia 1 uko desibeli 40 chini ya mlio wenyewe. Wa asilimia 0.1 uko desibeli 60 chini; wa asilimia 0.001 uko desibeli 100 chini. Kila sifuri inayoongezwa ni sawa na kushuka desibeli 20.

Kutoka kaseti hadi CD

Wale waliokua wakisikiliza kaseti, ambazo kampuni ya Philips ya Uholanzi ilizizindua mwaka 1963, walizoea sauti yenye uchafu mwingi. Katika kaseti, mafundi walihesabu kwamba kiwango cha juu kabisa cha kurekodi ni pale upotoshaji unapofika asilimia 3. Kanda ikinakiliwa kutoka kwa nakala nyingine, hali ilizidi kuwa mbaya.

Ndipo ikaja CD. Oktoba 1, 1982, kampuni ya Sony ilianza kuuza nchini Japani mashine iliyoitwa CDP-101, kwa bei ya yen 168,000. Katika maelezo ya mashine hiyo, upotoshaji ulitajwa kuwa asilimia 0.004. Ukilinganisha na ile asilimia 3 ya kaseti, uchafu ulikuwa umepungua mara 750!

Si ajabu basi kwamba matangazo ya wakati huo yaliisifu CD kuwa sauti kamilifu. Lakini baadhi ya wasikilizaji walilalamika kwamba muziki wa CD ulikuwa mkavu na wa kukwaruza, hasa pale ala zilipofifia. Je, walikuwa wakijidanganya? Tarakimu zilikuwa wazi: asilimia 0.004. Malalamiko yalitoka wapi?

Kosa lililojificha

Jibu moja ni kwamba asilimia ile inayoandikwa kwenye katoni hupimwa mlio ukiwa katika kiwango cha juu kabisa. Na hapo ndipo sauti ya tarakimu inapotofautiana na ile ya kaseti au santuri.

Katika kaseti, sauti ikipungua, upotoshaji nao hupungua. Kinachobaki ni ule mvumo wa kanda. Kwa hivyo ukipima kwenye kiwango cha juu, umepima mahali pabaya zaidi. Mengine yote ni afadhali.

Katika CD mambo ni kinyume. Sauti huandikwa kwa tarakimu za biti 16, yaani kuna ngazi 65,536 kutoka chini hadi juu. Muziki mkubwa hutumia ngazi zote hizo, nao hutoka laini kama hariri. Lakini muziki mdogo hutumia ngazi chache tu. Mlio ulioshuka kwa desibeli 60, mathalan mwangwi wa piano unaofifia ukumbini, huwa na kosa la zaidi ya asilimia 1. Mlio ulioshuka kwa desibeli 90 hubakiwa na ngazi tatu pekee: moja juu, moja katikati, moja chini. Piga hesabu, nawe utaona kwamba umbo la mlio huo hubadilika kabisa, na upotoshaji hufika karibu asilimia 31.

Naam, mashine ile ile yenye asilimia 0.004 kwenye katoni inaweza kutoa asilimia 31 pale muziki unapokaribia kunyamaza. Aliyeiandika tarakimu ya kwanza hakusema uongo. Alichagua tu mahali pa kupimia.

Dawa ya ajabu

Dawa ya tatizo hili ni ya kushangaza: ni kuongeza kelele kidogo ya makusudi wakati wa kurekodi.

Hebu mfikirie mama anayechekecha unga. Akiliacha chekecheke litulie, unga hukwama. Akilitikisa kidogo, unga hupita. Vivyo hivyo, sauti ndogo inayokwama kati ya ngazi mbili hupita vizuri ikitikiswa na kelele hafifu. Uchafu unaofuata muziki hatua kwa hatua hugeuka kuwa mvumo mwembamba usiobadilika, ambao sikio huusahau upesi.

Mwaka 1984, wataalamu John Vanderkooy na Stanley Lipshitz wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, walionyesha kwamba kwa njia hii CD inaweza kubeba hata sauti ndogo kuliko ngazi moja. Studio ziliendelea kuizingatia dawa hiyo, na siku hizi ni jambo la kawaida.

Mawe ya mizani

Tatizo jingine lilikuwa ndani ya mashine yenyewe, katika kile kisehemu kinachozigeuza tarakimu kuwa sauti. Tukiite kigeuzi.

Vigeuzi vya kwanza vilifanya kazi kama mawe ya mizani ya muuza duka. Kuna jiwe kubwa, kisha jiwe la nusu yake, kisha nusu ya nusu, hadi mawe 16. Kwa kuyaunganisha mawe hayo, muuza duka anaweza kupima uzito wowote.

Lakini fikiria jiwe kubwa likiwa limepunguka kidogo tu. Anapotoka kwenye mawe yote madogo kwenda kwenye jiwe moja kubwa, kipimo chake huruka. Katika sauti, mruko huo hutokea hasa pale mawimbi yanapopita katikati, kwenye kimya. Na muziki mdogo hushinda hapo hapo katikati! Ndiyo sababu kosa dogo la jiwe kubwa halikuonekana katika kipimo cha sauti kubwa, lakini liliuharibu muziki mdogo.

Kuyatengeneza mawe 16 yenye usahihi wa sehemu moja katika 65,000 kulikuwa kibarua kigumu kiwandani. Philips walikuwa na kigeuzi cha biti 14, nao wakatumia werevu: walikifanya kipime mara nne zaidi katika kila sekunde, hata kikakaribia kazi ya biti 16.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vya Uholanzi na Japani vilikuja na njia nyingine. Badala ya mawe 16, muuza duka akapewa kibaba kimoja kidogo, akaambiwa apime kwa kasi ya ajabu, mamilioni ya mara kwa sekunde. Maadamu kibaba ni kimoja, hakuna jiwe la kutofautiana na jingine. Kwa njia hiyo, hata mashine za bei nafuu za miaka ya 1990 zilianza kupiga muziki mdogo kwa unyoofu ambao mashine ghali za miaka kumi nyuma zilikuwa zikiutafuta kwa taabu.

Haya ndiyo maendeleo ya kweli katika historia hii. Cha ajabu ni kwamba hayakuonekana sana kwenye katoni. Aliyesoma asilimia pekee angedhani hakuna kubwa lililobadilika.

Tarakimu za siku hizi

Sasa turuke hadi karne hii. Mwaka 2018, kampuni ya Apple ilitoa waya mfupi wa kuunganishia hedifoni kwenye vifaa vyake, kwa bei ya dola 9 kule Marekani. Ndani ya waya huo mna kigeuzi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mhandisi Amir Majidimehr wa Marekani, anayejulikana kwa kupima vifaa vya namna hii, aliupima na kupata kwamba uchafu wake wote, upotoshaji pamoja na mvumo, uko karibu desibeli 99 chini ya mlio. Hiyo ni karibu asilimia 0.001.

Tazama vizuri, msomaji. Ile asilimia 0.004 ya mwaka 1982 ilihesabu upotoshaji pekee, bila mvumo. Hii ya waya wa dola 9 imehesabu vyote viwili, na bado ni ndogo zaidi. Hapa kuna funzo: unapolinganisha tarakimu mbili, hakikisha kwanza kwamba zimepima kitu kimoja, kwa njia moja, katika kiwango kimoja cha sauti.

Vigeuzi vya bei ya juu vya miaka ya 2020 vimepita desibeli 120, yaani sehemu moja ya uchafu katika sehemu milioni moja. Hata mitambo ya kupimia, kama ile ya kampuni ya Audio Precision iliyoanzishwa Oregon mwaka 1984, imelazimika kuboreshwa ili isije ikapima uchafu wake yenyewe.

Sikio linasemaje?

Hesabu ifuatayo unaweza kuifanya hata kwenye daftari la shule. Tuseme unacheza muziki kwa desibeli 95, kiwango ambacho jirani ataanza kugonga ukuta. Uchafu ulio desibeli 99 chini yake utakuwa desibeli 4 chini ya sifuri. Desibeli sifuri ni sauti ndogo kabisa ambayo sikio zima la kijana huweza kuisikia katika kimya kikuu. Ina maana kwamba uchafu wa ule waya wa dola 9 hausikiki, hata ungekuwa peke yake chumbani.

Na nyumba za mjini hazina kimya kikuu. Hata usiku wa manane, chumba tulivu kina sauti ya kama desibeli 30: friji, upepo, gari la mbali. Isitoshe, sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo.

Wataalamu wamewajaribu watu pia. Mwaka 2007, E. Brad Meyer na David Moran wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wasikilizaji walipigiwa muziki wa kiwango cha juu kuliko CD, kisha muziki uo huo ukiwa umepitishwa katika kiwango cha CD, bila kuambiwa upi ni upi. Katika majaribio 554, walipatia mara 276. Hiyo ni asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu.

Ili tuwe wa haki, mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 za namna hii. Alipata kwamba kwa jumla watu walipatia asilimia 52.3, na waliopewa mafunzo walifanya vyema zaidi. Tofauti ipo basi, lakini ni nyembamba mno. Haiwezi kuwa sababu ya kuuza ng'ombe.

Uchafu umehamia wapi?

Iwapo kigeuzi ni safi, mbona muziki wa nyumbani bado hukwaruza? Kwa sababu uchafu umehamia kwingine.

Kwanza ni spika. Spika nzuri ya nyumbani, ikipiga kwa sauti ya wastani, aghalabu hutoa upotoshaji wa kati ya asilimia 0.1 na 1. Besi nzito ikiongezwa, hupita asilimia kadhaa. Linganisha na asilimia 0.001 ya kigeuzi: spika inaweza kuwa chafu mara 1,000 zaidi. Ile spika ndogo ya Bluetooth iliyofunguliwa hadi mwisho ndiyo usiseme.

Pili ni amplifaya, na hapa ndipo wengi hutegwa. Soma wati zilizoandikwa, kisha tafuta maandishi madogo kandokando yake. Mitambo mingi ya sebuleni hutaja nguvu zake zikipimwa kwa upotoshaji wa asilimia 10! Hiyo ni mbaya mara tatu kuliko ule mpaka wa kaseti. Katoni hiyo hiyo inaweza kujisifu kwa kigeuzi chenye sifuri nne.

Vilevile jihadhari na herufi PMPO. Hicho kipimo cha wati kwa maelfu hakina kanuni moja inayofuatwa na wote, na hakikuambii mtambo utaweza nini kwa saa nzima. Debe tupu haliachi kuvuma. Ulizia wati za mfululizo, ambazo huandikwa RMS, na uulize zilipimwa kwa upotoshaji gani.

Tatu ni rekodi zenyewe. Ili nyimbo zao zisikike kubwa kuliko za wengine, watengenezaji wengi hubana sauti hadi vilele vya mawimbi vikakatika. Albamu ya Death Magnetic ya kundi la Metallica, iliyotoka mwaka 2008, ililalamikiwa sana na mashabiki kwa sababu hiyo. Waligundua kwamba nyimbo zile zile katika mchezo wa video wa Guitar Hero zilisikika safi zaidi. Uchafu uliopikwa studioni hauwezi kuondolewa na kigeuzi chochote, hata kiwe na sifuri kumi.

Mashine ya zamani je?

Labda babu au mjomba alikuachia mashine ya CD ya miaka ya 1980 au 1990. Usiitupe upesi. Kweli, mtambo huzeeka. Vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme ndani yake hukauka na kuleta mvumo au kudhoofisha besi. Mwanga wa leza hufifia na diski zikaanza kuruka. Lakini fundi mzuri anaweza kubadilisha vikopo hivyo.

Isitoshe, iwapo mashine ina tundu la kutolea sauti ya tarakimu, unaweza kuiunganisha na kigeuzi kipya cha bei nafuu chenye tundu la namna hiyo. Hapo mashine ya zamani hufanya kazi ya kusoma diski tu, na kigeuzi kipya kikafanya kazi ya mizani.

Jipime mwenyewe

Kwa wanafunzi wanaopenda sayansi, hapa kuna jaribio la nyumbani. Chukua vifaa viwili vinavyobishaniwa. Sawazisha sauti zao kwa makini, kwa sababu kinachopiga kwa nguvu zaidi, hata kidogo tu, huonekana kuwa bora. Mwambie ndugu yako arushe sarafu kila mara ili kuchagua kifaa, nawe usione anachofanya. Rudieni mara 16 na mwandike majibu.

Ukipatia mara 8, ulikuwa ukibahatisha. Ukipatia 12 au zaidi, kuna kitu unachokisikia, kwani bahati pekee huleta matokeo hayo chini ya mara 4 katika 100. Ubishi wa nyumbani utakwisha bila kugombana.

Ushauri wa mwisho ni huu. Bajeti yako ya muziki iwe ya kinyume na ile ya muuzaji. Tumia pesa nyingi kwa spika au hedifoni, halafu amplifaya, na kigeuzi kiwe cha mwisho. Ziweke spika mbali kidogo na kona, tandika zulia, tundika pazia. Mambo hayo utayasikia siku hiyo hiyo.

Na muuzaji akikuonyesha sifuri nyingi, muulize maswali matatu: Zimepimwa katika kiwango gani cha sauti? Zimehesabu mvumo au la? Na spika zinazokuja na mtambo huu zina asilimia ngapi? Akishindwa kujibu, rudisha pesa zako mfukoni na uingie duka la pili.